Kitufe cha Kushoto

Siku ambayo mabomba ya nusu ya mji yalikauka, kilichofurika ni ofisi ya maji. Saa mbili na nusu asubuhi foleni ilikuwa imeshatoka mlangoni, imekunja kona na kuupita ukuta wa benki ya jirani. Ndani, feni mbili za darini zilizungusha joto lile lile, na kila aliyeingia alikuja na ndoo nzima ya maneno ya kumwaga.

Madirisha yalikuwa manne. Kwenye la tatu alikaa dada mchangamfu, mpenda hereni kubwa, ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kwenye la nne alikaa msichana waliyempachika jina la Kimya.

Jina hilo lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, alipenda kusema kwamba mtoto huyu hata nyumba ikiwaka moto ataomba msaada kwa ishara. Na tazama mambo ya dunia: baada ya kuzunguka na vyeti vyake miaka miwili, kazi aliyoipata ilikuwa ya kuongea na watu kuanzia asubuhi hadi jioni, nyuma ya kioo kinene chenye tundu dogo la kupitishia sauti. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na wiki nne zilikuwa zimebaki. Mshahara ule ndio uliowatunza yeye na shangazi. Kila asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, vidole vyake havikutulia. Vilichezea kalamu, vikahamia kwenye kifungo cha blauzi, vikarudi kwenye kalamu.

"Sema kwa sauti, dada! Huku nyuma hatusikii!" watu walipiga kelele.

Mbele yake alisimama bibi mwenye mkongojo na sikio zito. Bibi huyu alikuja kila wiki, maji yawepo yasiwepo.

"Yatarudi kesho mchana, bibi," alisema Kimya.

"Sisikii, mwanangu. Sema kama mtu aliyekula."

Kimya alijaribu tena, sauti ikaishia kwenye kioo. Akavuta karatasi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: MAJI KESHO SAA NANE. Lakini aliandika kichwa chini miguu juu, herufi zikielekea kwa bibi, bila kuigeuza karatasi hata mara moja. Bibi alisoma huku kalamu bado inakwenda, akacheka, akatoa baraka zake na kuondoka.

Nyuma ya bibi alikuwa amesimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, suruali nyeusi na viatu vyeusi. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya wino ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Alikuwa ameyaona yote.

"Dada, nani alikufundisha kuandika hivyo?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu, au hutaki kuniambia?"

"Nilijifunza mwenyewe. Ili nisipige kelele."

Mwanamume akaweka boksi dogo mbele ya kioo. "Mimi ni fundi wa mihuri. Miaka kumi na miwili naandika kinyumenyume ili dunia isome sawasawa. Leo ndiyo mara ya kwanza nakutana na mwenzangu." Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa haraka, akakipitisha chini ya kioo.

Kimya akakitazama. Hakuelewa hata herufi moja.

"Kigeuze. Kisome kwenye mwanga."

Akakigeuza, akakiinua kuelekea taa. Maneno yakajinyoosha: NAOMBA NAMBA YAKO YA SIMU. USISEME, ANDIKA.

Kimya akacheka. Alicheka kwa sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea pale, hata Kasuku akasahau mteja wake na kugeuka. Kisha akasaini hati ya kupokea muhuri, na chini ya saini akaandika tarakimu kumi, kichwa chini.

Kwenye kila dirisha, upande wa wateja, kulikuwa na kisanduku chenye vitufe viwili: cha kijani kwa aliyeridhika na chekundu kwa asiyeridhika. Maandishi yalikuwa yamefutwa na vidole vya watu, zikabaki rangi tu. Kabla ya kuondoka Fundi akanyoosha mkono, huku bado anamtazama Kimya usoni, akabonyeza. *Tik, tik, tik, tik, tik.* Mara tano.

*

Simu ililia jioni ile ile. Kimya na shangazi yake waliishi katika chumba kimoja na sebule, pazia likiwa ndio ukuta. Shangazi alikuwa anakunja nguo. Alipoona jinsi binti alivyoirukia simu, akaacha kukunja na kutega sikio waziwazi, bila aibu.

"Haloo," alisema Kimya.

"Mwenzangu wa kinyumenyume, hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Ndiyo."

Shangazi akasogeza pazia.

"Upo?" Fundi aliuliza.

"Nipo."

"Basi mimi nitaongea. Wewe kila nikikuuliza upo, useme nipo. Mzigo wote uliobaki niachie mimi."

Na akaongea kweli. Alimweleza jinsi alivyowahi kumchongea mkuu wa shule muhuri, akasahau kugeuza herufi moja, na shule nzima ikahitimu na vyeti vyenye kosa. Alimweleza kuhusu mteja aliyetaka muhuri wenye picha yake akitabasamu. Kimya alicheka ndani ya mto. Alipokata simu, shangazi alisema, "Huyo mtu nimemsikia mpaka huku. Wewe je, umemwambia nini?"

"Nimemwambia nipo, shangazi."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Haya. Watu wameolewa kwa maneno machache zaidi ya hayo."

Fundi alikuwa na mihuri ishirini ya kupeleka kwenye ofisi ya maji. Mtu mwenye akili zake angeipeleka yote kwa boksi moja. Yeye aliipeleka mmoja mmoja, kila siku ya kazi, na kila siku alipanga foleni ya dirisha la nne kama aliyekatiwa maji. Na kila siku, kabla ya kuondoka, *tik, tik, tik, tik, tik*.

Jumapili walikutana kwenye mgahawa mdogo wenye meza nne, wakanywa chai. Kimya alivaa gauni lake jipya la rangi ya tofali lililomshika kiunoni na kumwachia magotini, na viatu vya kamba. Fundi alikuwa katika meupe na meusi yake kama kawaida.

"Huna shati la rangi?" Kimya alimtania.

Fundi akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Nyeupe haikosei," alisema, na kubadilisha mazungumzo.

Kimya hakulitilia maanani. Hata siku alipomwomba kupitia kioo, "Nipe ile fomu nyekundu hapo kando yako," naye akampa ya kijani, alidhani ni utani wake tu. Mtu akipendwa, makosa yake yote huitwa utani.

*

Ijumaa jioni, madirisha yakishafungwa, Msimamizi aliwakusanya. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, si mkali, ila aliamini karatasi kuliko watu. Alisoma hesabu ya vitufe ya mwezi.

"Dirisha la kwanza, nyekundu tatu. La pili, nne. La tatu, moja. La nne." Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Sabini na nane."

Feni ya darini ilisikika ikilalamika.

"Binti, sina ugomvi na wewe," Msimamizi alisema walipobaki wawili. "Unakuja mapema, faili zako ni safi. Lakini watu hawakusikii, wanakasirika, wanabonyeza. Huduma kwa mteja ni mdomo. Majaribio yako yanaisha Ijumaa ijayo. Jumatano njoo ofisini, unieleze kwa nini nikubakize."

Kimya alitikisa kichwa kukubali. Alitembea hadi nyumbani, akashindwa kukaa, akaenda dukani bila kujua anachonunua, akarudi mikono mitupu. Sabini na nane! Nani hao? Alizipitia sura za wateja wake moja baada ya nyingine. Bibi wa mkongojo? Yule baba wa mita mbovu? Kila sura sasa aliiona ina kidole chekundu.

Simu ikalia.

"Upo, kipenzi?"

"Nipo."

"Sauti yako leo imejificha zaidi. Kuna nini?"

"Kazi tu."

"Ngoja nikufurahishe. Kesho nakuletea zawadi. Nimeona mtandio dukani, nikasema huu umezaliwa pacha na gauni la mpenzi wangu. Lile gauni lako la kijani."

Kimya akakaa kitandani polepole. "Gauni langu la nini?"

"La kijani. Lile la Jumapili. Yaani lilivyokukaa, nusura nimwage chai."

"Sawa," alisema Kimya, na kukata.

Hakuwa na gauni la kijani. Hajawahi kuwa nalo. Lakini alimjua mtu aliyekuwa nalo: Kasuku alilivaa kila wiki, kijani cha jani bichi, na hereni zake za kijani zikipiga kelele pembeni. Na Kasuku alikuwa hatua mbili tu kutoka dirisha lake. Kumbe macho ya Fundi yalipokuwa yanasubiri foleni, yalikuwa yanatembea!

Mtandio ulipofika kesho yake ulikuwa kweli wa kijani. Kimya aliupokea mlangoni, akasema ahsante, akasema anaumwa kichwa, akafunga mlango.

Shangazi aliugusa ule mtandio kwa ncha za vidole. "Kitambaa kizuri. Tatizo nini?"

"Si wangu, shangazi. Ni wa mtu mwingine, umepotea njia."

"Umemuuliza?"

Kimya akageukia dirisha.

"Mwanangu, ukimya wako ni mzuri, haumtukani mtu. Lakini mtu asiyeuliza hujijibu mwenyewe, na majibu yake siku zote ni mabaya."

*

Jumatatu Kimya alilivaa lile gauni la rangi ya tofali kazini, kusudi. Alitaka aone. Fundi alipofika mbele ya kioo uso wake ulichanua kama aliyeona mwezi.

"Umelivaa! Na mtandio wake uko wapi?"

"Nyumbani."

"Kipenzi, mbona hupokei simu?"

"Saini hapa," alisema Kimya.

Aliposaini, Kasuku alimwita Kimya kwa mkono na kumnong'oneza, jambo ambalo kwake ni kama kufunga saumu. "Mdogo wangu, sipendi umbea." Alipenda sana. "Lakini nimeshindwa kulala. Huyo Fundi wako ndiye anayebonyeza chekundu. Nimemwona mara tatu kwa macho yangu haya mawili. Simama ujifanye unachukua faili, utamwona."

Kimya akasimama. Kutoka pembeni mwa kabati la mafaili aliuona mkono wenye madoa ya wino ukinyooka, ukapita juu ya kitufe cha kijani bila kusita, ukatua kwenye kile cha kushoto. Chekundu. *Tik, tik, tik, tik, tik.* Na tena. *Tik, tik, tik, tik, tik.* Mara kumi! Na Fundi alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayemwagilia ua.

Mchana ule wote Kimya aliwahudumia watu bila kuwatazama usoni. Mtu kukuua kwa hasira, hilo linaeleweka. Lakini kukuua kidogo kidogo, mara tano kila siku, huku anakuita kipenzi?

Jumanne aliomba ruhusa saa nane. Aliukunja mtandio kwenye mfuko wa karatasi, akatia mkobani mkanda wa gauni lake ili uonyeshe kwamba havipatani, na kwenda, mara ya kwanza, kwenye karakana ya Fundi.

Ilikuwa kibanda chembamba kati ya duka la vitasa na kinyozi. Meza moja, taa ya kuinamia, visu vidogo vimepangwa kama vya daktari, na ukutani rafu ya chupa za wino, zote zikiwa na vifuniko vyeupe. Fundi alikuwa amevaa aproni nyeusi. Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu! Ungeniambia ningefagia."

Kimya akaweka mfuko mezani. "Mpe mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye gauni la kijani. Dirisha la tatu."

"Kasuku?" Fundi akacheka, kisha akaona si kicheko. "Nimpe Kasuku mtandio? Huyo nikimsalimia tu narudi nyumbani kesho!"

"Usinichekeshe!" Kimya alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikigonga ukuta. "Umenifanyia nini mimi? Ijumaa nafukuzwa. Nyekundu sabini na nane. Nimekuona jana, mara kumi. Kama sikufai ungeniambia. Kwa nini uniandame kwenye mkate wangu?"

Fundi alipauka. "Nyekundu? Mimi? Nimebonyeza kijani! Kila siku nabonyeza kijani, mara tano, maana mara moja niliona haitoshi. Jana kumi, kwa ajili ya gauni!"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Na mimi nina yangu!"

Kimya akakumbuka ile fomu ya kijani. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashika chupa mbili za wino. "Basi niambie. Hii rangi gani?"

Fundi akaipokea chupa, na kabla hajajibu kidole gumba chake kikatembea kwenye kitako cha chupa, kama kipofu anayetafuta tundu la ufunguo. "Nyekundu," alisema. Akaipokea ya pili, kidole kikatembea tena. "Kijani."

Yalikuwa majibu sahihi. Lakini Kimya hakuwa anatazama chupa, alikuwa anatazama kidole. Watu wasiosema sana huona vidole. Akaichukua chupa, akaipindua. Kwenye kitako palikuwa na alama zilizochongwa kwa kisu, mikato miwili. Kwenye ile nyingine, mitatu.

Taratibu akatoa mtandio kwenye mfuko, na kutoka kwenye mkoba akatoa mkanda wa lile gauni lake la rangi ya tofali. Akaviweka kandokando chini ya taa.

"Vinafanana?"

Fundi akaviangalia. Akainama. Akaipeleka taa huku na huku.

"Naona vinafanana," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo kuliko ya Kimya. "Havifanani?"

Kimya akakiinua kile kiti kilichoanguka, akakaa.

Ndipo Fundi akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Nyekundu na kijani kwake ni mtu na ndugu yake, zote rangi ya majani makavu. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akachapa kadi mia tano za harusi kwa rangi isiyo yake, akafukuzwa mbele ya watu, wakimcheka mpaka getini. Tangu siku hiyo alivaa nyeupe na nyeusi, na hakutaja rangi ya kitu. Muuza duka ndiye aliyeutaja mtandio kuwa wa kijani, naye kwa kuuona sawa na gauni, akajua gauni nalo ni la kijani.

"Na kitufe?"

"Benki hapo jirani kisanduku ni kama hicho hicho, na kijani, nilivyoambiwa, kiko kushoto. Nikajua vyote ni ukoo mmoja." Akajipiga paji la uso. "Yaani nimekuwa nikikupenda kwa kitufe cha kukufukuza!"

Kimya alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

"Ungeuliza mtu tu," alisema.

"Wewe unaniambia mimi kuuliza?"

Hapo kila mmoja akawa amepata chake.

"Nitakwambia kitu kimoja," Fundi alisema akiwa anashika ncha ya mtandio. "Ofisi yenu inanunua kwangu muhuri wa IMEKATWA na wino mwekundu, wa IMERUDISHWA na wino wa kijani. Wakijua muuza wino haoni wino, nimekwisha. Nipe siku mbili nifikirie namna. Usimwambie mtu."

"Sitasema," alisema Kimya. Na yeye akisema hatasema, alikuwa na ujuzi wa maisha mazima.

*

Jumatano Msimamizi alimuuliza kwa upole. "Nieleze, binti. Sabini na nane. Pengine kuna mtu ana chuki na wewe? Umemkosea nani?"

Jibu lilikuwa ulimini, limekaa kama tone kwenye bomba. Neno moja tu, na kazi ingebaki. Kimya alilitazama boksi la mihuri mezani kwa mzee, akakitazama kidau cha wino mwekundu.

"Hakuna mwenye chuki, mzee."

"Basi sababu nini?"

Msimamizi alisubiri, akatazama saa, akavua miwani. "Basi Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho. Nasikitika."

Jioni simu ililia mara nne kabla hajapokea.

"Upo?"

"Nipo."

"Umewaambia nini?"

"Sikusema."

"Hukusema kabisa? Hata ulipoona unafukuzwa?"

"Nilikuahidi."

Upande wa pili pakawa kimya. Kimya akangoja. Akasikia gari likipita kwenye mtaa wa Fundi, akasikia kinyozi wa jirani akicheka na mteja.

"Upo?" aliuliza yeye, kwa mara ya kwanza.

"Nipo," Fundi alisema. "Leo mimi ndiye sina la kusema."

*

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yamekatika tena, na foleni ilikuwa imepinda kama ile ya kwanza. Kimya alikuwa amevaa gauni la tofali na, shingoni, mtandio wa kijani. Havikupatana hata kidogo. Kasuku alimtazama, akafungua mdomo, na kwa mara moja katika maisha yake akaufunga.

Bibi wa mkongojo alikuwa dirishani, na nyuma yake alikuwa Fundi, shati jeupe, kola imefungwa hadi juu. Hakuwa na muhuri mkononi. Zamu yake ilipofika hakusema na Kimya. Aligeuka upande wa mlango wa ofisi ya ndani.

"Mzee Msimamizi! Naomba uje hapa!"

Msimamizi akatoka, miwani ikiruka kifuani. "Kuna nini?"

"Kitufe cha kijani ni kipi?"

"Unanitania kazini?"

"Sikutanii, mzee. Nionyeshe."

"Hiki hapa, cha kulia. Mtoto mdogo anajua."

"Mimi sijui," Fundi alisema, na akaisema kwa watu wote. "Macho yangu hayatofautishi. Nimekuwa nikibonyeza cha kushoto, mara tano kila siku, nikimsifia huyu dada. Siku moja nilibonyeza mara kumi."

"Siku gani hiyo?" sauti ilidakia kwenye foleni.

"Siku aliyovaa gauni hilo la kijani." Akasita, akameza mate. "Ambalo, nimeambiwa, ni la tofali."

Watu wakaangua kicheko. Fundi alisimama wima akakipokea chote, masikio yakimwaka, na hakuelekea getini.

Msimamizi alikuwa ameshaleta karatasi zake. Alifuata kwa kidole, saa kwa saa. "Tano. Tano. Tano. Jumatatu hii... kumi." Akahesabu kwa midomo. "Zinazobaki ni tatu."

"Mimi nilimwona, bosi!" Kasuku alishindwa kuvumilia zaidi. "Siku zote nilimwona!"

Msimamizi akamgeukia Kimya. "Na wewe ulijua?"

"Tangu Jumanne."

"Ukakaa mbele yangu Jumatano ukafukuzwa, midomo imefungwa?"

"Haikuwa siri yangu, mzee."

Mzee akazikunja karatasi. "Waongeaji ninao watatu, wananitosha. Jumatatu njoo usaini mkataba." Alikuwa ameshageuka, akarudi. "Na wewe Fundi, habari ya wino wangu tutaizungumza. Sikuahidi kitu."

"Najua, mzee," alisema Fundi. "Nilijua kabla ya kuja."

Msimamizi akaingia ndani. Fundi hakuondoka. Aliinamia tundu la kioo.

"Upo?"

"Nipo."

"Pengine kesho sina mteja hata mmoja. Lakini nilikuwa nimepanga kukwambia hili tukiwa na chai, na naogopa nikingoja nitalikosea tena. Nataka nikuoe. Nataka niende kwa shangazi yako niseme. Unakubali?"

"Jamani, sisi tumekuja kwa ajili ya maji!" mtu alilalamika.

"Nyamaza wewe, maji hayapo!" mwingine akamjibu.

Kimya alisimama, akafungua kimlango cha pembeni, akatoka upande wa wateja, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu aajiriwe. Akakifunika kisanduku kwa kiganja chake chote, Fundi asione upande, akabonyeza mara moja. *Tik.*

"Umebonyeza kipi?" Fundi aliuliza.

Kimya akanong'ona.

"Hatusikii!" foleni ikajibu kwa pamoja, kuanzia dirishani hadi kwenye ukuta wa benki.

Akainua kidevu. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishika ncha ya mtandio.

"Kijani!"

Sauti ilipita juu ya vichwa, ikapita chini ya feni, ikatoka mlangoni. Pale mlangoni bibi wa mkongojo, aliyekuwa anaondoka zake, alisimama, akageuka.

"Alaa," alisema bibi. "Hata mimi nimesikia."